Mkebe Ambao Sikuugeuza

Vijana wangu wa takwimu, juzi nilipita sokoni hapa Beni nikamwona mmoja wenu kazini. Simtaji, na mwenyewe hakuniona. Alisimama mbele ya mama muuza maharagwe, akasalimia vizuri, akauliza bei, akapiga picha ya rundo kwa simu yake, akabonyezabonyeza, kisha akahamia kwenye mchele. Dakika mbili, kazi imekwisha. Mkebe wa kupimia ulikuwa palepale juu ya maharagwe, na mkono wake haukuugusa. Nilirudi nyumbani, nikatafuta karatasi na kalamu kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo maana nawaandikia. Mtu akishastaafu anapenda akumbukwe kwa mema, na mimi ninayo machache. Lakini hili la mkebe nimelificha muda mrefu mno, hata mke wangu hajui lote.

Nilikuwa mkusanya bei. Wakati wa vita ya pili ya Kongo serikali ilikuwa mbali, Kinshasa, na huku kwetu walitawala wenye bunduki, lakini fomu za biro, yaani ofisi yetu ya takwimu, hazikukoma. Tulizichapa kwa stensili, tukazijaza kila wiki, tukazipeleka Butembo kwa mkuu wetu. Mshahara? Tuulizane mengine.

Mkuu huyo tulimwita Papa Paluku. Mtu mfupi, mwenye koti moja la kahawia na kalamu tatu mfukoni, mbili zikiwa hazina wino. Siku yangu ya kwanza nilikwenda soko la Butembo na viatu vilivyong'arishwa na ubao wa kuandikia kifuani. Kabla sijafika kwenye vitunguu, nusu ya akina mama walikuwa wamefunika bidhaa zao kwa vitenge. Waliobaki walinitajia bei ambazo sijazisikia mpaka leo. Papa Paluku alikuwa amesimama kwa mbali akila muwa, akinitazama tu.

"Weye unafanana na mutu wa kodi," akaniambia. "Kesho vaa kandambili. Ile planche, weka mu mufuko. Na mbele ya kuuliza bei, nunua kintu, hata ndimu moja."

Nilinunua ndimu. Kila meza, ndimu. Mwezi ule nyumba yetu ilijaa ndimu mpaka mke wangu akauliza kama tumefungua duka. Lakini akina mama walianza kunizoea, na mtu akikuzoea anakutajia bei ile anayomtajia jirani yake.

Sasa sikilizeni habari ya mkebe, maana ninyi mmezaliwa mnauona na hamuutazami tena. Maharagwe kwetu hayauzwi kwa kilo. Yanauzwa kwa mkebe, ule wa maziwa ya unga, wa bati. Kwa hiyo fomu yetu ilikuwa na safu mbili: bei ya mkebe mmoja, na uzito wa maharagwe yanayojaa mkebe huo. Safu ya pili inachosha na hakuna mkubwa anayeisoma, lakini ndiyo inayoipa maana ile ya kwanza. Muuzaji anaweza kuacha bei kama ilivyo, akachukua nyundo, akapiga kitako cha mkebe kikaingia ndani. Ukiutazama kwa juu, mkebe ni uleule.

Kwa sababu hiyo Papa Paluku alikuwa na tabia yake. Kabla ya kupima alichukua mkebe, akaugeuza kitako juu, akaugonga kwa kifundo cha kidole, ko ko ko, akausikiliza na kuangalia. Alifanya hivyo kwa kila mtu, hata kwa mke wa pasta, huku akicheka. "Mama, naangalia kama imeota meno," alisema, na akina mama walicheka naye. Kisha alijaza, akamwaga kwenye mfuko, akaning'iniza mfuko kwenye mizani ya ndoano.

Waliponihamishia Beni alinipa mizani yake. Niliipoteza safari ileile ya kwanza. Kwenye kizuizi, baada ya Kalunguta, askari alifungua mfuko wangu akaitoa, akanitazama kama aliyempata mtu aliyetafutwa siku nyingi.

"Yo osombaka wolo?" akaniuliza kwa Kilingala, yaani mimi ni mnunuzi wa dhahabu.

Nilimweleza kwamba ni ya maharagwe. Alicheka, akachukua kuku niliyekuwa nampelekea mke wangu aliyenitangulia Beni, akamning'iniza kwenye ndoano. Kuku alipiga kelele, wenzake wakakusanyika, wakabishana kilo ngapi. Nilikuwa mtu pekee pale aliyejua kuisoma ile mizani, wakaniomba niwasomee, nikawasomea. Halafu wakabaki na mizani na kuku. Nilipomsimulia Papa Paluku alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanifundisha njia ya maji: chukua chupa moja ya limonadi, hesabu chupa ngapi zinajaza mkebe, andika. Mkebe uliopigwa nyundo utakunywa maji kidogo. Haihitaji mizani wala haihitaji askari.

Nawaeleza haya ili msiseme baadaye kwamba mzee hakuwa na kifaa. Njia nilikuwa nayo, na chupa nilikuwa nayo.

Kilichonishinda ni mama mkwe.

Mama Yudita, mama mzazi wa mke wangu, alikaa mtaa wa Bungulu na aliuza maharagwe sokoni Beni. Alikuwa mama wa kanisa, kiongozi wa wamama wa kanisa lao, mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa. Meza yake ilikuwa katika orodha yangu ya meza za kupima, na orodha haikuwa yangu kuibadilisha. Kila Jumanne nilifika pale. Kwetu, mama mkwe unamheshimu kwa umbali: humkazii macho, hukai kwenye kiti alichoinukia, na humuulizi swali lenye harufu ya shaka. Sasa niambieni, ninyi mnaojua kila kitu: unachukuaje mkebe wa mama mkwe, mbele ya wateja wake, ukaugeuza kitako juu na kuugonga? Ni sawa na kumwambia mbele ya soko zima kwamba labda ni mwizi.

Mwanzoni haikuwa shida. Mkebe wake ulikuwa umepimwa na mtu aliyenitangulia, wakati Beni ingali na mizani. Niliandika uzito uleule. Jumanne iliyofuata, uleule. Yeye alikuwa akiusogeza mkebe mbele yangu, karibu kabisa na mkono wangu, na mimi nilikuwa nikiuliza habari za nyumbani, nikinunua mkebe mmoja, nikiandika, nikiondoka.

Halafu wakubwa wa wakati ule walipiga marufuku kupandisha bei. Vijiji vya Kalunguta vilikuwa vinakimbiwa, maharagwe yalikuwa hayafiki, na kila gari lililopita kizuizini liliacha gunia. Lakini bei isipande. Soko la Beni lilitii. Bei haikupanda hata kidogo. Asubuhi, ukipita nyuma ya vibanda, ulisikia nyundo.

Fomu zangu ziliwafurahisha sana wakubwa. Redio ya mji ilisoma kwamba Beni bei zimetulia, na watu waliokuwa wakisikiliza kwa fundi wa redio walicheka. Mmoja alinigeukia akaniuliza: "Papa, bei imetulia mu soko ya wapi? Tuende tununue kule." Nilicheka nao. Ninyi leo mnaita hayo maoni ya wananchi na mna fomu yake. Mimi niliambiwa bure, kwa Kiswahili safi, na nikacheka.

Hata nyumbani niliambiwa. Mke wangu, akimimina maharagwe kwenye chungu, alisema: "Maharagwe ya Mama inaisha mbio siku hizi." Nikamjibu ni watoto wanakua.

Na Jumanne moja niliona. Mteja aligonga meza kwa kikapu, mkebe wa Mama Yudita ukaanguka ubavu, kitako kikanielekea. Kilikuwa kimeingia ndani upana wa vidole viwili, na alama za nyundo zilikuwa bado zinang'aa. Tuliuona wote wawili. Yeye hakuugusa. Mimi niliunyoosha mkono, nikausimamisha, nikatazama pembeni kama mtu aliyemkuta mkubwa akivaa. Nikafungua daftari, nikaandika uzito wa zamani. Mwandiko ulikuwa mzuri kama wa siku zote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka.

Sasa uzito ule haukubaki kwenye daftari. Kamati ya makanisa ilikuwa inawagawia chakula waliokimbia vita, na ili ijue kila familia ipewe mikebe mingapi, iliomba karatasi kutoka kwetu. Karatasi ile niliijaza mimi. Kamati ilinunua maharagwe kwa Mama Yudita, kwa kuwa ni mama wa kanisa na aliaminika, na iligawa kwa mkebe wake huohuo.

Kati ya waliopewa kulikuwa na mama mmoja wa Kalunguta jina lake Kavira. Alikimbia na watoto wake wanne na wawili wa marehemu dada yake, akawekwa katika darasa la shule pamoja na familia nyingine. Maharagwe yake yalikuwa yakiisha siku ya tano. Alikuja kuomba nyongeza mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu kamati ikaanza kunong'ona. Karatasi ilisema yanatosha siku saba. Wengine walikaa kimya na njaa yao. Yeye aliyesema ndiye aliyeshukiwa kwamba anauza msaada.

Walimwita Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa kanisa. Adhabu ya kuuza msaada ilijulikana: jina linafutwa kwenye orodha, familia inatoka darasani. Watoto sita, msimu wa mvua. Mimi niliitwa nieleze namba. Nilikaa meza ya mbele, kulia kwa pasta, na kalamu mfukoni kama ya Papa Paluku. Wamama wa kanisa walikaa nyuma, na Mama Yudita kati yao, maana siku hiyo baada ya mkutano kulikuwa na mgao na alikuwa amekuja na mkebe wake kwenye kikapu.

"Mama Kavira," pasta alisema kwa upole, "karatasi inasema maharagwe inatosha wiki nzima. Ya kwako inaisha siku ya tano. Inaendaka wapi?"

"Inaendaka mu tumbo ya batoto, Pasta," Kavira alisema. "Hapana kwingine."

"Batu banasema unauzisha."

"Bale batu bakuje batazame chungu yangu."

Pasta alinigeukia. "Papa wa statistique, mukebe moja iko kilo ngapi?"

Nilimtajia ile namba. Niliisema kwa sauti nzuri, ya mtu aliyesoma. Kavira alinitazama. Alikuwa mwembamba, kitenge amekifunga mara mbili, mtoto wa marehemu dada yake mgongoni.

"Ni nani alipima?" akaniuliza.

Vijana, swali hilo ni fupi na jibu lake lilikuwa fupi. Ningesema, "Hakuna mtu aliyepima." Maneno matatu. Badala yake nilisema: "Ni biro ilipima, Mama."

Biro. Kana kwamba biro ina mikono.

Kavira akainamisha kichwa. Pasta akachukua orodha na kalamu. Ndipo nikasikia benchi likisogezwa nyuma, na Mama Yudita akaja katikati ya ukumbi, hatua ndogondogo, kikapu mkononi. Alitoa mkebe, akauweka juu ya meza ya pasta kitako juu. Alingoja mpaka pasta auone vizuri.

"Mukebe ni ya miye," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Chini niliipika nyundo. Huyu mama hapana mwizi. Mwizi ni miye."

 Pasta aliingiza vidole kwenye lile shimo la kitako, akavitoa, akanitazama.

"Papa, weye ulijua?"

Mkebe ulikuwa mbele yangu, hatua moja, kama kila Jumanne.

"Hapana, Pasta," nikasema.

Mama Yudita hakunitazama. "Yeye hapana kujua," alisema. "Nilimuficha."

Jina la Kavira halikufutwa. Waliongeza mikebe ya familia zote siku hiyohiyo, na Kavira alipotoka alimshika Mama Yudita mikono miwili akamwambia "wasingya", asante ya Kinande, mbele ya watu. Mimi alinipita. Lakini kanisa lilimweka Mama Yudita chini ya nidhamu: aliondolewa uongozi wa wamama, akakaa benchi la mwisho miezi mingi bila kukaribia meza ya Bwana. Kamati ikaacha kununua kwake. Wauzaji wenzake walimcheka, na mikebe yao wote ilikuwa na shimo lilelile. Mke wangu alilia wiki nzima kwa aibu ya mama yake, nami nilikuwa nikimbembeleza. Nilimbembeleza, jamani. Nilisema: "Hata miye hapana kujua."

Jumanne iliyofuata nilikwenda sokoni na chupa ya maji, nikageuza kila mkebe. Nikaandika ukweli wa kila meza, nikaupeleka Butembo. Papa Paluku alivaa miwani, akasoma fomu, akalinganisha na ya wiki iliyopita, akasoma tena.

"Mikebe yote ya Beni," akasema taratibu, "balipika nyundo wiki moja?"

Nikatazama zile kalamu tatu mfukoni mwake.

"Bon. Weka sahihi yako."

Hakunikemea. Nikaweka sahihi. Tangu siku hiyo hakuniita tena tukae naye tule muwa, akawa ananisalimia kama anavyosalimiwa mtu wa posta. Alikufa kabla vita haijaisha, na sikuwahi kumwambia. Kwa hiyo mkija kufungua mafaili ya zamani, kama panya wameyabakiza, mtakuta mahali ambapo maharagwe ya Beni yamepungua uzito ghafla, wiki moja tu, soko zima. Msitafute sababu kwenye mvua, wala barabara, wala mapigano. Sababu ni mimi.

Mama Yudita aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipougua mara ya mwisho tulipeana zamu kumlinda pale Bungulu. Mchana mmoja tulikuwa wawili tu, nimemletea uji, akaniita kwa jina la binti yangu mkubwa kama alivyoniita siku zote.

"Baba Masika. Ile mukebe. Kila Jumanne nilikuwa naiwekaka karibu na mukono yako. Uliona?"

"Niliona, Mama."

"Nilikuwa nangojaka uigeuze. Batu bote balikuwa banapika nyundo, na miye peke yangu nisipike, ningefunga meza. Lakini roho ilikuwa inanichoma. Nikasema, mukwe wangu iko na kazi ya serikali, siku moja ataigeuza. Nitapata haya siku moja, itaisha. Na ile mama hangeitwa mwizi." Akapumzika. "Juu ya nini haukugeuza?"

"Ni heshima, Mama. Niliogopa kukupatisha haya."

Alinitazama, na mimi kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nikamtazama mama mkwe wangu usoni.  Alivuta shuka, akaomba uji. Nilimlisha mpaka ukaisha. Niliona haya kuliko siku ya ukumbini, na ningali naona haya sasa ninapoandika.

Basi mnayo. Simu zenu ni nzuri, zinahesabu haraka kuliko kichwa changu, na hakuna askari atakayening'iniza kuku juu yake. Nunueni ndimu. Vaeni kandambili. Na mkifika kwenye meza ya mtu mnayemheshimu, shangazi, mama mkwe, mke wa pasta, huyo ndiye mpimeni wa kwanza, huku mkicheka naye kama alivyofanya Papa Paluku, kabla hofu haijapata nafasi ya kukaa.

Sijamaliza habari ya yule mama wa juzi, aliyepigwa picha rundo lake na mwenzenu. Ni Kavira. Hakurudi Kalunguta, watoto walikulia hapa, naye akapata meza sokoni, safu ileile aliyokuwa Mama Yudita. Nanunua maharagwe kwake. Tunasalimiana vizuri, anauliza habari za watoto. Hajawahi kutaja ukumbi ule, wala mimi sijawahi. Ila kabla ya kunipimia anachukua mkebe wake, anaugeuza kitako juu mbele ya macho yangu, anaugonga kwa kidole, ko ko ko, anangoja mpaka nitikise kichwa. Ndipo anajaza. Nimesimama pembeni mara nyingi nikimchungulia akiwauzia wengine. Kwao hageuzi.